KUTU INAYOTAMBUA HEWA YA SUMU

Hewa ya sumu itokayo katika makaa haina harufu wala rangi. Mtu akilala na jiko ndani, milango imefungwa, hewa hiyo humwingia katika damu na kuishika kwa nguvu ipatayo mara 200 kuliko oksijeni. Huumwa kichwa, hulegea, na huenda asiamke tena. Kwa hiyo mkulima wa Muhoroni au Ahero mwenye mtoto aliyepanga chumba Migosi, mjini Kisumu, yafaa ajue habari za chombo kinachoweza kuitambua.

Chombo hicho hutumia kutu ya madini. Mwaka 1962, huko Japani, Bwana Naoyoshi Taguchi alivumbua cha namna hii kwa unga wa bati lililoungana na oksijeni. Unga hupashwa moto kwa umeme. Katika hewa safi, oksijeni hushikamana na chembe zake, na umeme hupita kwa shida. Hewa ya makaa au gesi ya kupikia ikifika, huungana na oksijeni ile na kuiondoa. Umeme hupita kwa urahisi, na kengele hulia.

Siku hizi wataalamu hutengeneza chembe ndogo mno, hata 10,000 zikipangwa mstari hazifiki milimita moja. Kama unga unavyoloa upesi kuliko punje za mahindi, ndivyo chembe hizo zinavyoguswa na hewa zaidi. Tena huchanganya kutu mbalimbali: ya shaba pamoja na ya bati hutambua vizuri hewa yenye harufu ya mayai mabovu, iliyomo katika gesi ya samadi.

Lakini unyevu na mvuke wa pombe huweza kukidanganya chombo. Wala hakifai kupimia kisima, kwani humo hatari mara nyingi ni kukosa oksijeni.

Basi shikeni haya:

1. Jiko la makaa lisilale ndani, hata usiku wa baridi.

2. Gesi ya mtungi ni nzito. Chombo chake kiwe karibu na sakafu. Gesi ya samadi hupanda juu.

3. Kengele ya gesi ikilia, usiwashe kiberiti wala taa. Fungua milango, utoke nje.

4. Pampu ya petroli isishushwe kisimani.

5. Mwenzako akianguka kisimani, usimfuate. Ita watu, mvutwe kwa kamba.