Kwao ni wapi?

Ndugu wachimbaji, mama na watoto wa kambi, siku hizi tunasikia tena: "Bakasai barudie kwabo!" Tuulize: kwabo ni wapi? Union Minière ilianza 1906, mikono ikakosekana hapa Katanga. Wakaajiri baba zetu toka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai na Ruanda-Urundi. Wengi walikuja juu ya kodi na mshahara. Kambini wakapata Kiswahili kimoja na bukari moja. Desemba 1941, walipogoma Élisabethville, risasi haikuuliza kabila. Miaka ya 1992 na 1993 tulisahau: jirani alifukuza jirani, familia zikajaa kwenye gare za Likasi na Kolwezi. Je, bukari iliongezeka mezani kwetu? Hapana. Mwenye kushuka na siye shimoni ni ndugu yetu.