KUPIGA FOTO ZA NGUO INJE: MPANGO MBELE, APAREI NYUMA



Wengi wenu mumeziona afishi tatu zilizobandikwa ku mlango wa atelie ya kushona: msichana mwenye robo ya kitenge cha manjano amesimama juu ya mawe meusi ya volkano, na ziwa nyuma yake. Tangu zibandikwe, wateja wameongezeka, na seksio ya kushona inatumaini kununua mashini nyingine. Sasa tunasikia kwamba wa darasa la tano nao wanajitayarisha kwenda kupiga zao. Ni vizuri. Lakini mbele hawajatoka, wajue kwamba afishi zile si matunda ya safari yetu ya kwanza. Safari ya kwanza tulirudi bila hata foto moja, na ilibaki kidogo turudi na maiti. Njo maana sisi wa komite tunaandika: tueleze namna kazi hii inapangwa, ili mtu asilipe kwa uhai wake yale ambayo angeweza kuyasoma hapa.

KILE KILITUPATA

Siku ile tulikuwa watu nane: wasichana wawili wa kuvaa, mpiga foto, washonaji wawili, wabeba mizigo wawili, na mdogo wa mmoja wetu, mtoto wa miaka tisa aliyetufuata. Nguo zilipigwa pasi usiku. Vifungo tulivihesabu. Betri ya aparei ilijaa. Tukafikiri mpango umekamilika. Kumbe tulipanga nguo, hatukupanga watu.

Mpiga foto wetu alikuwa amechagua fasi moja upande wa barabara ya kutoka Goma kwenda Sake, si mbali na ziwa: shimo pana, majani mabichi chini, mawe meusi pembeni. Tulifika mbele ya saa kumi na mbili asubuhi, maana alitaka mwangaza wa jua linapotoka. Alitaka pia kulala chini kabisa, ili msichana aonekane mrefu ku foto. Yule mtoto akatangulia kushuka na mfuko wa viatu. Hapo mama mmoja aliyekuwa akipita na mzigo wa makala akautupa mzigo chini, akapiga kelele: «Batoto, mutoke pale! Mule muko mazuku!»

Mtoto alikuwa ameshuka hatua chache tu. Tulimwita, akapanda akiyumba kama mlevi, akasema kichwa kinazunguka na pumzi haitoshi. Tukamkalisha juu penye upepo mpaka akapata nafuu. Kulipopambazuka vizuri tukaangalia chini toka ukingoni: ndege wawili wamekufa ndani ya majani, na mjusi mmoja. Mama yule hakutugombeza. Aliuliza tu: «Muliuliza nani hapa?» Hatukuwa na jibu.

MAZUKU NI NINI

Tuliporudi, mwalimu wa kemia alitueleza. Mazuku si pepo wala uchawi. Ni gazi kaboniki inayotoka ndani ya ardhi yetu ya volkano. Haionekani, na pua haiwezi kuitambua. Gazi hii ni nzito kuliko hewa, kama mara moja na nusu, kwa hiyo inashuka na kujaa ndani ya mashimo sawa vile maji yanajaa ndani ya beseni. Katika hewa ya kawaida iko kama 0,04 kwa mia tu. Ikipita 10 kwa mia, mtu anaweza kupoteza fahamu kwa muda mfupi sana, halafu anakufa. Mtu mzima aliyesimama anaweza kuwa na kichwa juu ya gazi, na mtoto aliye karibu naye akawa amezama ndani yake. Vilevile anayechuchumaa au kulala chini. Mukumbuke kwamba mpiga foto wetu alitaka kulala!

Tena usiku na asubuhi mapema, wakati hakuna upepo, gazi inakusanyika zaidi. Jua na upepo wa mchana vinaitawanya, lakini si katika kila shimo. Basi angalieni vizuri: saa ile mpiga foto anapenda kuliko zote ndiyo saa ile mazuku inajaa. Hatukusoma jambo hili katika kitabu chochote cha foto. Tulipaswa kuuliza wenyeji.

Na mtu akianguka ndani ya shimo, usishuke kumfuata, hata ukizuia pumzi. Wengi wanakufa wawili wawili kwa njia hiyo, wa pili akitaka kuokoa wa kwanza. Piga kelele, ita watu wazima, mvute kwa kamba au mti mrefu ukiwa umesimama juu, kisha mpeleke penye hewa safi na ku hospitali.

NAMNA TULIVYOPANGA SAFARI YA PILI

1. Kujua tunauza nini. Foto ya matangazo si foto ya ukumbusho. Sisi tuliuza robo, si ziwa wala mawe. Kwa hiyo tuliandika ku karatasi: robo ngapi, kila moja ionekane mbele au nyuma, mshono gani uonekane karibu. Robo nne, foto tatu kwa kila moja, jumla 12. Mtu asiye na hesabu anapiga foto mia mbili na jua linamchomea. Tena tulikubaliana kutodanganya: nguo isifungwe kwa pini mgongoni ili ionekane inakaa vema, na rangi isibadilishwe nyuma. Mteja akikuta kitu kingine ku atelie, hatarudi.

2. Kuomba ruhusa. Tulipata barua ya masomo, na ruhusa ya wazazi wa wasichana wote wawili. Tulimwona shefu wa mtaa. Hapana kuelekeza aparei ku askari, ku daraja, ku bandari wala ku uwanja wa ndege. Mukifanya hivyo muko na matata, na aparei inaweza kukamatwa.

Lakini ruhusa ya kwanza ni ya mwenyewe anayepigwa. Mmoja wa wasichana wetu alikubali foto zitundikwe ku atelie, akakataa zitumwe ku simu za watu. Wengine wetu tulisema: «Anajivuna bure.» Tulikosea. Uso ni wake. Foto ikishaingia ku simu za watu hairudi tena, na wengine wanaiandikia maneno ya matusi. Tuliandika alichokubali na alichokataa, tukatia sahihi pamoja naye. Mbele ya kubandika afishi aliziangalia zote, akatoa mbili, nasi hatukumwuliza sababu.

3. Kuchagua fasi. Siku tatu mbele, wanne wetu walienda kuangalia bila nguo za foto wala aparei, pamoja na mwalimu na mzee wa pale. Tulichagua mwamba ulioinuka, penye upepo, karibu na fasi ambapo watu wanapita kila siku kuteka maji. Tulikataa kila shimo, hata la majani mazuri, kwa saa yoyote. Tulikataa pia fasi zisizo na njia, maana vita vimesahau vyuma vyake porini, na chuma usichokijua usikiguse. Mawe ya volkano yanakata kama wembe: wasichana walitembea na viatu vigumu, wakabadilisha wakiisha simama. Hakuna aliyesimama ukingoni kabisa mwa maji. Mtu anayefuata maneno ya mpiga foto, «rudi nyuma kidogo, tena kidogo», haoni anapokanyaga. Tuliweka mshonaji mmoja nyuma yake kwa kazi ile moja tu.

4. Kuchagua saa. Kwetu hapa karibu na ikweta jua linatoka karibu saa kumi na mbili na linashuka karibu saa kumi na mbili, mwaka wote. Saa sita liko juu ya kichwa: macho yanakuwa mashimo meusi, na jasho linaharibu kola. Tuliacha asubuhi mapema kwa sababu mumeisha kuielewa. Tulianza saa mbili, upepo umekwisha kuamka, tukamaliza saa nne kasorobo. Mwangaza ulikuwa mkali kidogo, basi wawili walishika shuka nyeupe upande wa kivuli, likarudisha nuru ku uso. Bati hapana, linachoma macho.

Jambo lingine: aparei inadanganywa na mawe meusi. Inafikiri kuna giza, inaongeza mwangaza, na rangi ya kitenge inapauka. Ukiweka mtu mbele ya ukuta mweupe inafanya kinyume, na uso wetu mweusi unapotea. Dawa ni kupima mwangaza ku uso wa anayevaa, si ku mawe.

Mchana tuliuogopa juu ya radi. Sehemu yetu hii ya Congo ni kati ya fasi za dunia zinazopigwa na radi mingi. Ukiona umeme, hesabu. Ngurumo ikifika mbele ya 30, funga mizigo, ingia ndani ya nyumba au gari lenye bati. Ngojea dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Usijifiche chini ya mti, na usishike mguu wa chuma wa aparei.

5. Kugawa kazi. Kila mtu kazi moja: wa nguo, wa shuka, wa kuangalia miguu, wa kuangalia mbingu, wa maji na bandeji, wa kuhesabu watu. Wasichana walibadilisha nguo nyuma ya vitenge vinne vilivyoshikwa na wasichana wenzao, na aparei ilifungwa ndani ya mfuko wakati ule. Watoto walibaki nyumbani. Mwalimu alikuwa na neno la mwisho: akisema «tunarudi», tunarudi, hata ikibaki foto moja.

Kweli ilibaki moja. Mawingu yalitoka upande wa milima, mwalimu akasema turudi, na robo ya bluu haikupata foto yake ya tatu. Mpiga foto alinung'unika njia nzima, akisukuma chukudu yenye mizigo. Leo afishi ya bluu haiko ku mlango. Watu wote nane wako masomoni.

Ndugu wa darasa la tano, hatuwakatazi kwenda. Mwende, mupige nzuri kuliko zetu, mutuletee mashini ya tatu. Lakini jioni mbele ya safari mukae pamoja, mujiulize swali la yule mama wa makala: «Muliuliza nani hapa?» Kama hamuna jibu, mulale kwanza.

Kwa niaba ya komite ya wanafunzi, darasa la mwisho.