Tovuti Ikidukuliwa, Tafuta Mlango wa Nyuma

Muhula uliopita tovuti ya klabu yetu, iliyojengwa kwa WordPress, ilianza kuwapeleka wasomaji kwenye kurasa za kamari. Tukafuta msimbo wa ajabu tuliouona, tukapongezana. Siku tatu baadaye, yaleyale! Kumbe tulikuwa tunapiga deki huku paa linavuja.

Mdukuzi akishaingia huacha mlango wa nyuma: faili dogo la kumrudisha ndani hata nywila ikibadilishwa. Kwa hiyo fuata utaratibu.

Kwanza, funga tovuti kwa muda, uhifadhi nakala yake yote. Ukifuta kwa makosa utakuwa na pa kurudia. Pili, pakua WordPress mpya kutoka WordPress.org, ubadilishe mafaili ya mfumo. Plagini na mandhari nazo futa, upakue upya. Zile za kulipia zilizochakachuliwa zikagawiwa bure, achana nazo. Mara nyingi huja na ugonjwa wake. Tatu, kagua folda ya uploads. Hiyo ni ya picha na nyaraka, sasa ukikuta faili la .php humo, shtuka. Letu lilikuwa humo, limejipa jina la picha.

Nne, futa maadmini usiowajua, badilisha nywila zote na funguo za siri zilizo kwenye wp-config.php, ili kila aliyekuwa ndani atolewe. Kama Google iliweka onyo, omba ukaguzi kupitia Search Console.

Halafu ulizaneni: nani ana nywila? Sisi tuligundua ya kiongozi aliyeshahitimu bado inafungua.