Kuvu Yenye Sumu na Dawa

Unapopeta ngano au shayiri yako huko Mbeya au Iringa, chunguza ungo wako. Ukiona vitu vyeusi, virefu kuliko punje, vyenye umbo la mavi ya panya, vitoe vyote. Huenda ni kuvu iitwayo ergoti. Kuvu hiyo hukua ndani ya suke, mahali pa punje.

Ergoti ni sumu. Hukaza mishipa ya damu. Damu isipofika, vidole na miguu huoza. Mwaka 1977 na 1978 watu wa Wollo, nchini Ethiopia, walipatwa na maradhi hayo kwa kula nafaka yenye kuvu hii.

Lakini ndani ya sumu hiyo mna dawa. Mwaka 1935, Dudley na Moir wa London walitoa katika ergoti dawa iitwayo ergometrini. Dawa hiyo hukaza mfuko wa uzazi, ikazuia damu kumtoka mama aliyejifungua. Mwaka 1954 wataalamu wa Marekani walieleza jinsi walivyoitengeneza maabara bila kutumia kuvu.

Je, tuwape wazazi ergoti ya shambani? Hapana! Kuvu haina kipimo. Sindano ina kipimo, na hata hivyo haimfai mama mwenye shinikizo la juu la damu. Mama akitokwa na damu nyingi, mpelekeni upesi kituo cha afya. Daktari au mkunga ndiye atakayechagua dawa: oksitosini, ergometrini au nyingine.