Majirani wa kwenye Ukoga

Mwaka 1683, Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa Delft, Uholanzi, aliwaandikia wanasayansi wa Royal Society kule London kwamba katika ukoga wa meno ameona, kwa hadubini aliyoiunda mwenyewe, viumbe wadogo walio hai. Alijaribu pia kusafisha meno kwa siki. Siki iliwaua waliokuwa juujuu. Wa ndani walinusurika. Viumbe hao walikuwa bakteria, na bakteria anayeelea peke yake kwenye mate hana kinga hiyo. Anaipata akikaa na wenzake.

Jino likishasuguliwa, protini za mate hutanda juu yake ndani ya dakika chache. Bakteria waitwao streptokoka hutangulia kunata hapo, nao huitumia oksijeni na kuipunguza. Baadaye huja Fusobacterium nucleatum, bakteria mrefu, mwembamba, anayeweza kushikana na waliotangulia na wanaochelewa pia. Kwa njia hiyo hupata nafasi Porphyromonas gingivalis, asiyestahimili oksijeni, mmoja wa wanaohusishwa na maradhi ya ufizi.

Kinachonishangaza zaidi ni mlo wao. Streptokoka hula sukari, hutoa asidi ya laktiki. Bakteria mwingine, Veillonella, hawezi kujilisha kwa sukari. Riziki yake ni asidi hiyohiyo. Taka za mmoja ndizo chakula cha jirani, na jirani akila, asidi inapungua.

Tusidhani ni hisani. Streptococcus gordonii hutoa haidrojeni peroksaidi inayomdhuru Streptococcus mutans, naye mutans ana sumu zake za protini za kuwaulia washindani. Kushirikiana na kupigana vinaendelea pamoja, katika utando mwembamba kabisa.

Huyu mutans ndiye wa kuogopwa. Kwa sukari tunayotia kwenye chai, hutengeneza ute mzito unaowagandisha bakteria pamoja. Chini ya ute huo asidi hujikusanya na mate hayaifikii vizuri kuizimua. pH ikishuka hadi kama 5.5, enameli, lile gamba gumu la jino, huanza kuyeyuka.

Ute huohuo hupunguza kasi ya dawa kupenya. Tena bakteria wa chini kabisa, kwa uhaba wa chakula, hukua polepole mno, ilhali antibiotiki nyingi huwapata vizuri wale wanaokua. Kwa hiyo kusukutua peke yake hakutoshi: ukoga hauna budi kusuguliwa kwa mswaki, na ukishakuwa mgumu kama jiwe, daktari wa meno aukwangue.