Usingizi wa mchana kituoni: Ni lini mtoto atolewe kwenye kitanda cha kingo?

Ilikuwa Jumanne, muda mfupi baada ya adhana ya Adhuhuri, tulipoitwa kwa haraka katika kituo cha watoto kilichopo ghorofa ya juu ya msikiti wetu. Mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na miezi saba alikuwa ameparamia ukingo wa kitanda chake na kuanguka sakafuni, kichwa kikitangulia. Alhamdulillah, hakuvunjika. Alipasuka mdomo na kuvimba kipaji cha uso. Hata hivyo, lililotukosesha raha wajumbe wa kamati halikuwa uvimbe ule. Mama yake hakuarifiwa mpaka alipokuja kumchukua saa kumi na moja jioni, akajionea mwenyewe.

"Ustadhi," alituambia bila kupandisha sauti, "mwanangu mmemlaza kwenye kitanda alichokwisha kukizidi. Kisha mkanyamaza."

Hatukuwa na jibu. Tulimwomba radhi mbele ya walezi wote, na Ijumaa hiyo kamati ikakaa kujadili jambo ambalo, tukisema kweli, hatukuwahi kulitia katika ajenda tangu kituo kifunguliwe.

Kitanda cha kingo tunachokizungumzia ni kile cha mbao kilichozungushiwa fito pande zote nne. Kwa mtoto mchanga aliye chini ya mwaka mmoja, hicho ndicho mahali pake: alazwe chali, juu ya godoro gumu lililo tambarare, pasipo mto, blanketi zito wala midoli. Babu mmoja alituuliza kwa nini wachanga hawalazwi ubavu wa kulia, kama tulivyofundishwa adabu za kulala. Tulimjibu kwamba mchanga akilazwa ubavu hugeuka kwa urahisi akaangukia kifudifudi, na pumzi yake ikawa hatarini. Adabu hiyo atafundishwa akiwa na akili ya kuipokea.

Mambo hubadilika mtoto anapoanza kusimama na kupanda. Ukingo ukimfikia kifuani tu, au akianza kutupa mguu mmoja juu yake, kitanda kile kimekwisha kuwa hatari, kwa sababu sasa anaanguka kutoka juu zaidi kuliko ambavyo angeanguka kama kingo zisingekuwepo. Kimo cha karibu sentimita 90 ndicho mpaka unaotajwa mara nyingi, lakini wapo wafupi wenye wepesi wa paka, kama huyu wetu. Katika vituo vya mchana, uhamisho hufanyika mara nyingi kati ya miezi 12 na 18, wakati ule ule ambao watoto wengi huacha kulala mara mbili mchana na kubaki na usingizi mmoja mrefu baada ya chakula. Nyumbani mzazi anaweza kusubiri zaidi, maana usiku watu wazima nao wamelala, na mtoto aliye huru kushuka atazurura gizani peke yake. Kituoni mlezi yuko macho. Au anatakiwa kuwa macho.

Hapo ndipo kikao chetu kilipopata joto. Mweka hazina alisema kingo zinamwezesha mlezi mmoja kuwatazama watoto wanane, na kwamba tukiwashusha wote tutahitaji mtu wa pili chumbani, naye atahitaji mshahara. Maneno yake yalikuwa ya kweli, lakini yalitufichulia kwamba kingo zile zilikuwa zinatupunguzia sisi gharama kuliko zilivyokuwa zinamlinda mtoto. Tulipouliza walezi walikuwa wapi saa ile, ilibainika kwamba wawili walikuwa wameteremka kuswali jamaa na wa tatu alikuwa akiosha vyombo. Hatukumlaumu yeyote kwa kuswali. Ila wakati wa Adhuhuri ni mpana, unafika hadi kuingia Alasiri, na mwenye amana ya watoto wa watu mkononi anaweza kuswali kwa zamu. Uamuzi ukawa walezi wawili wasiondoke chumbani muda wote watoto wanapolala, na ada ikaongezwa kidogo. Wazazi wawili walilalamika. Yule mama hakulalamika.

Vitanda vifupi tuliagiza kwa fundi wa mtaani: fremu ya mbao iliyowambwa turubai, kimo cha shubiri moja kutoka sakafuni, vinavyoweza kupangwa kimoja juu ya kingine. Hilo lilikuwa la lazima, kwa kuwa chumba hicho hicho baada ya Alasiri ni madrasa. Turubai hufutwa kwa urahisi mtoto akikojoa, na suala la najisi katika chumba kinachosomewa Qur'ani likawa jepesi kuliko wakati wa magodoro. Kila mtoto ana kitanda chake chenye alama yake na shuka yake. Vinapangwa kwa nafasi ya karibu mita moja, kichwa cha huyu kikielekea miguu ya yule, ili kikohozi cha mmoja kisiwe cha wote.

Kabla ya kumlaza yeyote tulikaa sakafuni kukitazama chumba kwa kimo cha mtoto. Tuliyoyaona yalitutia aibu: kamba ya pazia inayoning'inia, soketi isiyo na kifuniko, na ndoo ya maji kando ya mlango. Mtoto wa umri ule anaweza kuzama katika ndoo. Vyandarua vya kuning'iniza navyo tuliviondoa, maana huvivuta na kujiviringisha, tukaweka wavu madirishani.

Tulidhani watoto wangesumbuka majuma mengi. Wengi walizoea ndani ya juma moja au mawili, na bibi mmoja mlezi akatucheka: "Nyie mnadhani hawa kwao wanalala ndani ya fito?" Ni kweli. Watoto wetu wengi hulala na mama zao, au kwenye mkeka, au mgongoni kwa nyanya ndani ya mbeleko. Kitanda cha kingo ndicho kilichokuwa kigeni kwao, nasi ndio tuliowazoesha.

Walezi walianza kwa kuwaacha wakae juu ya vitanda hivyo wakati wa kucheza, kisha wakawalaza pahala pale pale walipozoea chumbani. Mwenye kulia aliletewa kanga ya mama yake. Mlezi huketi kando na kumpapasa mgongo. Anayeinuka hurudishwa kwa upole, bila maneno mengi. Asiyepata usingizi baada ya nusu saa hupewa kitabu cha picha, maana usingizi haulazimishwi. Tumekataza kabisa kuwatisha watoto kwa zimwi au kwa sindano ya daktari, desturi ambayo wengi wetu tulilelewa nayo.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linataja saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili, ukiwemo wa mchana. Mzazi anayetuomba tusimlaze mwanawe mchana ili usiku alale mapema tunamwomba aifanye hesabu hiyo kwanza.

Mtoto yule amerudi kituoni, na analala karibu na ukuta, mahali alipopachagua mwenyewe. Mlangoni tumeweka daftari: kila anguko, hata likiwa dogo, huandikwa, na mzazi hupigiwa simu saa ile ile. Ukurasa wa kwanza tumeuandika sisi wa kamati, na tumeanza na Jumanne ile.