Santuri saba za DJ wa mtaani kwetu, na wenyewe walioutengeneza huu muziki

Leo naomba tuweke siasa pembeni tuongelee muziki, maana kuna jambo limenikaa rohoni wiki nzima.

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye harusi, sio kama mwalikwa bali kama mbeba spika. Kuna kaka mmoja jirani yetu ni DJ, na mimi tangu nimalize kidato cha nne huwa namsaidia kuunga nyaya, napata nauli na sahani ya pilau. Saa nne usiku, watu wameshiba, kaka akaweka wimbo wa house. Vijana wakaanza kuinuka. Hata dakika mbili hazijaisha, mzee mmoja wa kamati kaja mbio: "Kijana, hebu toa hayo makelele ya wazungu, tupigie muziki wa watu!" Kaka akasema, "Sawa mzee, samahani," akabadilisha. Heshima ni heshima.

Ila tukiwa kwenye bajaji, spika tumezipakata, akaniambia: "Mdogo wangu, ule muziki wameutengeneza vijana weusi wasiokuwa na kitu. Tatizo majina yao hayakushika."

Nikamwambia basi kaka nitajie santuri zako unazozipenda kuliko zote, za zamani na za sasa. (Tunaita santuri kwa mazoea tu, yeye zote anazo kwenye kompyuta.) Akanitajia saba. Nimezisikiliza, nimesoma habari zake, na leo nawaletea.

1. Donna Summer, "I Feel Love" (1977)

Huyu dada ni mweusi wa Marekani aliyekwenda Ujerumani kutafuta maisha. Kule Munich, Giorgio Moroder na Pete Bellotte wakamtengenezea wimbo ambao karibu kila sauti ndani yake imetoka kwenye mashine, isipokuwa ule mdundo mzito wa ngoma ya mguu, uliopigwa na mtu. Sikiliza besi yake inavyokimbia bila kuchoka. Wengi waliokuja baadaye wamechota hapa.

2. Jesse Saunders, "On and On" (1984)

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Mji ni Chicago. Kuanzia 1977 kulikuwa na klabu inaitwa Warehouse, yaani ghala, na DJ wake alikuwa Frankie Knuckles. Wateja wengi walikuwa weusi na Walatino, na wengi wao mashoga, watu ambao kumbi nyingine ziliwakataa. Jina la house linasemekana limetoka kwenye jina la klabu hiyo.

Sasa tarehe 12 Julai 1979, mji huo huo, mtangazaji mmoja wa redio alikusanya watu uwanja wa besiboli wa Comiskey Park. Ukija na santuri ya disko unaingia kwa senti 98. Katikati ya mechi mbili wakazilipua! Watu wakavamia uwanja, mechi ya pili haikuchezwa. Kijana mweusi Vince Lawrence alikuwa anafanya kazi pale ya kuwaonyesha watu viti. Amesimulia kwamba aliona watu wanaleta santuri za weusi wa aina yoyote, hata zisizo za disko.

Miaka mitano baadaye kijana huyo huyo ndiye aliyeshirikiana na Jesse Saunders kutunga "On and On", inayohesabiwa na wengi kuwa santuri ya kwanza ya house kutolewa. Saunders alikuwa DJ, na inasimuliwa kwamba aliibiwa santuri aliyokuwa akiipenda kuipiga, akaona bora atengeneze yake mwenyewe. Walichoma za zamani, vijana wakatengeneza mpya.

3. Mr. Fingers, "Can You Feel It" (1986)

Mr. Fingers jina lake ni Larry Heard, zamani alikuwa mpiga ngoma. Wimbo huu ukiusikiliza usiku peke yako unaweza ukalia bila sababu. Ni mashine tupu, lakini una upole kama mtu anayekuongelesha taratibu. Ndio ule kaka aliouweka kwenye harusi!

Na hapa ndipo penye uchungu. Mwaka 2020 Larry Heard na mwimbaji mwenzake Robert Owens walifungua kesi dhidi ya Trax, lebo iliyotoa nyimbo zao, wakidai haki na malipo. Mwaka 2022 kesi ikaisha kwa makubaliano na wakarudishiwa haki za nyimbo zao. Fanya hesabu, kutoka 1986 mpaka 2022 ni miaka 36. Mtoto anazaliwa, anaoa, anapata watoto, wewe bado unadai kilicho chako.

4. Phuture, "Acid Tracks" (1987)

Hii ni ya dakika zaidi ya 11 na haina maneno ya kuimba. Kampuni ya Roland ya Japani ilikuwa imetengeneza kimashine kidogo, TB-303, ili kishike nafasi ya mpiga gitaa la besi. Sauti yake haikufanana na gitaa hata kidogo, kikakosa soko, na mwaka 1984 wakaacha kukitengeneza. Vikawa vinauzwa mitumba kwa bei ya kutupwa. DJ Pierre na wenzake wakakipata kimoja, wakaanza kuzungusha vitufe ovyo huku kinaendelea kupiga. Kikatoa sauti kama kinalia, kinacheka, kinapiga chafya. Wakasema hapo hapo, rekodi!

Kanda wakampelekea DJ Ron Hardy. Mara ya kwanza kuipiga watu walitoka kwenye sakafu ya kuchezea. Hakukata tamaa. Mara ya nne usiku ule ule, ukumbi ukalipuka. Kaka anasema hii ndiyo inayomtia moyo kila akiletewa wazee wa kamati, hahaha.

5. Inner City, "Good Life" (1988)

Tuhamie Detroit, mji wa viwanda vya magari. Kule walitengeneza tekno, na wanaotajwa kuwa waanzilishi ni Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, waliosoma pamoja sekondari huko Belleville. Inner City ni kundi la Saunderson na mwimbaji dada Paris Grey. "Good Life" ilifika namba 4 Uingereza. Ajabu yake ni kwamba hawa jamaa walisikika Ulaya kuliko kwao Marekani. Ndio maana watoto wa Ulaya walikua wakidhani muziki ni wao, na sisi huku tukapokea kupitia kwao tukadhani hivyo hivyo.

6. Robin S., "Show Me Love" (1993)

Wimbo wenyewe ulitoka 1990 ukapita kimya. Baadaye DJ wa Sweden, StoneBridge, akautengeneza upya kwa sauti ya kinanda iliyokuja tayari ndani ya Korg M1, basi mwaka 1993 ukawaka dunia nzima. Mwaka 2022 Beyoncé akatoa "Break My Soul" yenye harufu ya wimbo huu, na watunzi wa ule wa zamani, Allen George na Fred McFarlane, wakaandikwa kama watunzi. Ona tofauti, jina likiandikwa haki inafuata.

7. "Sounds of Sisso" (2017)

Hapa nilishangaa, nilidhani atataja tena Marekani. Kumbe anarudi Mburahati, Dar! Hii ni albamu ya singeli kutoka Sisso Studios, iliyotolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. House hupiga kama midundo 120 kwa dakika, singeli inapita 200 bila breki. Mizizi yake ni mchiriku wa uswahilini na vile vinanda vidogo vya Casio, na vipande vya taarabu vilivyokimbizwa. Ukimaliza hiyo tafuta "Mr Mixondo" ya DJ Travella (2022), naye ni wa Dar hapa hapa.

Sasa unganisha mwenyewe. Chicago walikuwa na mashine za mitumba, Dar kinanda kidogo cha Casio na kompyuta iliyochoka. Ni hadithi ile ile, vijana wasio na kitu wamechukua kifaa cha bei ndogo wakakifanya kiseme jambo ambalo aliyekitengeneza hakuliwaza. Wapo wazungu waliokiri vizuri, mfano Daft Punk wa Ufaransa, ambao kwenye albamu yao ya 1997 waliweka wimbo "Teachers" wa kutaja tu majina ya waliowafundisha. Lakini sio wote.

Nina rafiki nilisoma naye, anatengeneza biti za singeli. Mwaka jana aliuza moja kwa elfu ishirini, hakuna karatasi wala nini. Wimbo ukapigwa mpaka kwenye daladala, jina lake halipo popote. Akaniambia eti "ndo maisha". Mimi nakataa. Kijana unayetengeneza biti, andika jina lako kwenye faili, mwandikiane hata karatasi ya daftari na msaini wote, na kazi ukaiandikishe COSOTA. Usisubiri miaka 36.

Jumamosi hii tuna harusi nyingine. Kaka anasema ataanza na taarabu ya zamani, wazee wakishainuka ataingiza house chini chini, pole pole, waje kushtuka wameshacheza nusu saa. Yule mzee sijui kama atakuwepo. Akiwepo, nitampelekea soda halafu nimwambie kwa adabu zote: shikamoo mzee, huu unaocheza ni wa watoto wako.

Haya wadau, nanyi tajeni zenu. Na ukitaja wimbo, mtaje na aliyeutengeneza!